Ubaya wa Taasubi, na Watu Arubaini wa Ijumaa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Taasubi ni mtu kushika upande kwa kuwa ni upande wake, si kwa kuwa umemdhihirikia kuwa ni haki. Mwenye maradhi haya hajijui, kwani hudhani kuwa anaghadhibika kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Alama yake ni kuwa, akiwa peke yake, mas'ala huwa madogo kwake. Wakimtazama wenziwe, huwa makubwa.

Na upigwe mfano wa Isongole, katika wilaya ya Rungwe, njia ya kushukia Tukuyu kutoka Mbeya. Ni nchi ya baridi na mvua na viazi, na wenyeji wake wengi ni Wakristo, kwani misheni ya Wamoravian iko Rungwe tangu mwaka 1891. Waislamu huko ni wachache. Basi na ikadiriwe kuwa wanaume wakaazi wanaotimiza sharti za Ijumaa ni 46, na imamu wao ni mzee Mshafi. (Wafanyabiashara wa pwani waliokwenda kununua viazi hawamo katika hesabu, kwani si wakaazi.)

Kijana arudi kutoka masomoni, amwone imamu akisoma kunuti katika Subhi, aseme: Hii ni bidaa. Mzee, badala ya kumfundisha, amjibu mbele ya watu kuwa yeye ni mtoto, hajui kitu. Kwa neno hilo kijana hawezi kurudi nyuma illa kwa aibu, wala mzee hawezi kunyamaza illa isemwe kuwa ameshindwa na mtoto. Kesho yake kijana ana watu watatu, na hao wamtaka awe mkali kuliko jana. Akilainika watamwona mwoga. Na kwa mzee ni vivyo hivyo. Mwisho watu 10 watoke, wakaswali barazani mwa duka. Waliobaki msikitini ni 36.

Hapo na wahesabu. Kunuti ya Subhi kwa Imamu Shafi ni sunna. Aiachaye husujudu sijida ya kusahau, na sala yake ni sahihi. Kwa Imamu Abu Hanifa na Imamu Ahmad haimo katika Subhi, illa wakati wa msiba. Ama Ijumaa ni faradhi, na kwa Shafi sharti yake ni watu 40. Mzee amepigania sunna hatta faradhi imempotea, naye yumo ndani ya madhehebu yake mwenyewe!

Sayyidna Uthman aliposwali rakaa nne Mina, Ibn Masud alimpinga kwa ulimi, kwani Mtume aliswali mbili. Kisha akaswali nne nyuma yake. Alipoulizwa, alijibu kuwa kukhitilafiana ni shari.

Wala mtu asidhani kuwa mambo haya hukomea kwenye kunuti. Katika Makhawariji, mmoja aliokota tende iliyoanguka, akaitia kinywani; wenziwe wakamkemea kuwa hakuinunua, akaitema. Kisha watu hao hao wakamchinja Abdallah, mwana wa Sahaba Khabbab, na mkewe mja mzito. Kwa tende walikuwako wa kukemea; kwa Abdallah hakuwako, kwani wote walikuwa wameshakubaliana juu yake.

Na Mocímboa da Praia, mji wa pwani kama miji mingine ya Waswahili, vijana walianza kwa kuwapinga wazee misikitini, wakaingia humo na viatu, kisha wakajitenga.  Ni tarehe 5 Oktoba 2017 ya Miladi waliposhambulia vituo vya polisi, na Oktoba 2020 moto ukavuka Ruvuma hatta Kitaya, Mtwara. Ufukara na dhuluma navyo vilikuwamo. Lakini aliyeuawa kwa panga alikuwa kwanza amekwisha kuitwa kafiri kwa ulimi.

Ama mzee wa Isongole, na amwite kijana nyumbani kwake baada ya Isha, wasiwepo watu, amfungulie kitabu. Na kijana ajue kuwa Mahanbali wenyewe wamesema: maamuma akiswali nyuma ya imamu mwenye kukunuti, amfuate na aitikie amina. Ijumaa watakuwa 46.

Wallahu aalam.