Deni la Mwenye Kufuga

Katika hadithi tulizosimuliwa utotoni, Sungura hakosi neno. Humshinda Fisi kwa hila, na Simba kwa ulimi. Lakini sungura wa kweli, yule aliyefungwa ndani ya tundu, hana ulimi wa kumtetea. Akiumwa hanung'uniki. Porini yeye ni windo la wengi, na windo lionyeshalo udhaifu huliwa kwanza. Kwa hiyo maumbile yamemfundisha kuficha maumivu yake. Je, msomaji wangu, mtu ana wajibu gani kwa kiumbe asiyeweza kudai haki yake? Nataka tulipime swali hili kwa kisa kidogo kilichotokea mjini Garissa katika mwaka 2022, nilipokuwa nikifundisha katika shule moja huko.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa shida. Mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu tangu mwisho wa mwaka 2020, na nchi yote ya Kaskazini Mashariki, kutoka ukingo wa Mto Tana mpaka Wajir na Mandera, ilikuwa imekauka. Mizoga ya ng'ombe ililala kando ya njia. Wafugaji waliwainua kwa mikono wanyama waliokuwa hawawezi tena kusimama, na kesho yake wanyama wale wale walianguka tena. Ukame ule ulipokwisha, mifugo zaidi ya milioni mbili ilikuwa imekufa katika Kenya.

Wakati huo huo wanafunzi wa chama cha ukulima cha shule yetu walikuwa na sungura mmoja mweupe. Majani yalipoadimika walimlisha ugali, makombo ya mkate na biskuti, wakidhani wanamtunza. Mimi mwalimu wao niliona, wala sikuwakataza. Hatukujua kuwa meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote. Meno ya mbele huweza kurefuka kadiri ya milimita mbili kwa juma, na dawa ya kuyapunguza ni kutafuna nyasi zenye nyuzi ngumu kwa muda mrefu kila siku. Asipozipata, magego huota ncha kali kama miiba, zikachoma ulimi na mashavu. Basi siku moja tulimwona ameloa mate kidevuni, akikisogelea chakula na kukiacha.

Daktari wa wanyama, aliyezoea zaidi ngamia na mbuzi, alikubali kumtibu. Alimtia dawa ya usingizi, akazisawazisha zile ncha, akang'oa gego moja lililooza. Gharama yake ilitosha kununua mbuzi mdogo. Tuliichanga baina yetu. Alipoturudishia mgonjwa alituambia kuwa yeye amemaliza sehemu yake iliyo ndogo, na iliyo kubwa ni yetu.

Alisema kweli. Tumbo la sungura halipaswi kusimama. Akikaa siku nzima bila kula, matumbo hulala na tumbo huvimba, naye huweza kufa hali kidonda cha mdomoni kinaendelea kupona. Basi tulimpondea majani mabichi na chakula cha punje kilicholoweshwa, mpaka kikawa uji mwepesi. Tukautia katika bomba la sindano lililoondolewa sindano yake, tukaupitisha pembeni mwa mdomo kidogo kidogo, tukingoja ameze ndipo tuongeze, maana anayeharakishwa hupaliwa. Tulifanya hivyo mchana na usiku, kwa zamu. Dawa ya maumivu tulimpa kwa kipimo cha daktari tu. Kila alfajiri tulitazama kinyesi chake, kwa kuwa hicho ndicho kilichotuambia kama tumbo linafanya kazi. Tena joto la Garissa ni adui mkubwa wa sungura. Tulitundika gunia lililolowa maji juu ya tundu lake, tukaliweka tundu kivulini mbali na kelele.

Siku ya tatu mwanafunzi mmoja alinijia. Alikuwa kijana mpole, mwana wa mfugaji. Akasema, "Mwalimu, ng'ombe wa baba yangu wamekwisha. Hawakupata daktari wala bomba la sindano. Fedha za sungura huyu zingemfaa mtoto mwenye njaa. Je, hii ni huruma au ni mchezo?"

Sikuwa na jibu siku ile, na tangu hapo nimelifikiri neno lake mara nyingi. Kwanza, lina kweli ndani yake. Ikiwa kuna bakuli moja la chakula, na mbele yake wako mtoto na sungura, bakuli ni la mtoto. Anayelikana hili ameipoteza mizani ya ubinadamu. Walakini tujihadhari. Mara nyingi husema kuwa mali hii ingemfaa maskini, nasi tukiisha kuizuia hatumpelekei maskini huyo. Kijana yule alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu njaa aliijua. Lakini wengi hulitumia swali lake kama kifuniko cha ubahili wao.

Pili, ukubwa wa mwili si kipimo cha maumivu. Mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1789, alifundisha kuwa kinachompa mnyama nafasi katika hesabu ya wema si akili wala lugha, ila uwezo wake wa kupata mateso. Wahenga wetu nao walisema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tatu, na hili ndilo lililonielemea kuliko yote, sungura yule hakuugua kwa ukame peke yake. Aliugua kwa mikono yetu. Mbuzi aliye huru huzunguka akatafuta jani. Aliyefungwa hana ila kile atakacholetewa. Waislamu wa Garissa wanaijua vizuri ile habari katika mafundisho ya Mtume ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Kosa lake halikuwa kumpiga. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Sheria za Kenya nazo, katika Sura ya 360, humhesabu mkosaji mwenye mnyama anayemwacha ateseke bila sababu. Yeyote afungaye mlango wa tundu amekichukua kinywa cha aliye ndani kuwa kinywa chake mwenyewe. Hilo ndilo deni.

Nilimwita yule kijana, nikamwambia, "Mwanangu, baba yako aliwainua ng'ombe wake mpaka mikono ikachoka. Alilipa deni lake lote. Aliyeshindwa na ukame si mdaiwa. Sisi wa sungura ndio hatujalipa." Alinyamaza. Jioni ile aliomba zamu, tukagundua kuwa hakuna aliyemzidi kwa mkono mwepesi, kwani alikuwa amelea vitoto vya mbuzi vilivyofiwa na mama zao. Yeye ndiye aliyetufundisha wengine jinsi ya kumshika mgonjwa pasipo kumtisha.

Siku ya sita sungura alichukua unyasi mwenyewe, akautafuna polepole. Tulisimama kimya kuusikiliza mlio wa meno yake. Lakini kazi haikuisha, kwa sababu meno hayo yangali yakiota. Ilitupasa kumtafutia nyasi kila siku ukingoni mwa mto, na kumpeleka kwa daktari mara kwa mara ayatazame.

Basi, msomaji wangu, kabla hujaleta mnyama nyumbani kwa sababu ni mzuri wa kutazama, jiulize kwanza atakula nini, na nani ataamka usiku siku atakayougua. Ukiwa huna jibu, mwache alipo. Ukiisha kumfungia, usingoje alie ndipo umtazame. Wengine hawalii kamwe.