Riziki ya Ndege na Zaka ya Mtama

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kumruzuku kila mwenye roho. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, jueni ya kwamba ziko nchi ambazo wakati wa baridi theluji hufunika ardhi, ndege asione hata punje. Katika baridi kuu ya Uingereza ya mwaka 1963 walikufa ndege wengi mno. Watu wa Kilwa Mola amewaepusha na hayo: baridi yao ni kipupwe, kusi livumapo mwezi wa Juni na Julai, nao ndio wakati wa kuvuna mtama.

Basi itazameni asubuhi ya kipupwe katika Likawage. Mtu amekwisha sali alfajiri. Ukungu umetanda mashambani, watoto wanaota moto, na mtama umeanikwa uani. Mara hushuka hua na tetere na shomoro, wakadonoa. Mwenye nyumba huokota jiwe, na moyoni husema: "Mwaka huu ndege wamenimaliza, zaka sina."

Neno hili lina mambo mawili, na yapasa kuyapambanua.

La kwanza ni hofu yake. Si hofu ya upuuzi, kwani bara ya Kilwa iliona njaa kubwa kwa Vita vya Majimaji vya 1905 hata 1907. Sharia haikumkataza mtu kuamia shamba lake juu ya dungu, wala kufukuza ndege. Lakini kilichokwisha kuliwa si hasara. Mtume, sala na salamu zimshukie, amefundisha katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya kuwa Mwislamu apandapo mmea, akala ndege au mtu au mnyama, yeye huandikiwa sadaka. Basi jiwe lisimwue kiumbe bure.

La pili ni zaka. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mtama ni chakula cha kuwekwa akiba, nao una zaka utimiapo wasaki tano, yaani swaa 300, baada ya kukauka na kupepetwa. Ulionyweshwa na mvua hutolewa fungu moja katika kumi. Kilicholiwa na ndege pasipo uzembe wa mwenyewe hahesabiwi nacho, hupimwa kilichobaki. Kikitimia kipimo, fungu lile si mali yake tena, ni haki ya maskini.

Ndege amekula punje chache mchana kweupe, akaruka. Mwenye ghala amekula fungu la fakiri, mlango umefungwa. Ni yupi katika hao wawili aliye mwizi?

Ndege hutoka asubuhi na njaa, hana jembe wala ghala, akarudi jioni ameshiba. Hivyo ndivyo Mtume alivyompigia mfano mwenye kumtegemea Mola wake. Basi aliye na ghala aogope nini? Na apepete, apime, atoe, kabla hajaja Mwenye kupima yeye.

Ewe Mola, bariki mavuno ya waja wako, uitakase mikono yao na haki za maskini. Amin.