Tusiifanye Qadar Kuwa Utetezi Wetu

Mama yangu anaugua kisukari, huu ni mwaka wa 11. Mwaka jana alitoka uani kutia udhu wa Alfajiri, akateleza, akavunjika nyonga. Waliokuja kumjulia hali waliniambia: "Ustadh, hiyo ni qadar." Nikaitikia, na moyo wangu ukatulia. Ulitulia upesi mno.

Maana nilikuwa najua mambo mawili. Taa ya uani ilikuwa imeungua kwa wiki 3, nami kila siku nikisema kesho. Tena Mama alikwishalalamika kuwa miguu inamfa ganzi.

La tatu nilielezwa na daktari: kisukari huidhoofisha mifupa yenyewe. Mwenye kisukari cha aina ya pili anaweza kupimwa, mifupa ikaonekana imejaa vizuri, kumbe huvunjika kwa urahisi, kwa kuwa sukari iliyozidi kwa miaka mingi huharibu protini inayoushika mfupa. Juu ya hayo, ganzi humfanya asihisi anapokanyaga, macho hufifia, na dawa ikiishusha sukari kupita kiasi hupata kizunguzungu. Na akivunjika, mara nyingi huchelewa kupona.

Ndugu msomaji, swali langu ni hili: je, qadar inamwondolea lawama yule aliyekuwa na uwezo wa kuzuia? Kuamini qadar ni nguzo ya imani, wala sina shaka nayo. Lakini qadar ni faraja ya aliyefikwa na msiba, si utetezi wa aliyezembea. Mama akisema "Mungu ndivyo alivyopanga," hiyo ni subira. Mimi nikisema maneno yale yale, nakimbia hesabu. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Ile taa ndiyo iliyokuwa kamba yangu.

Utasema: wangapi wana taa na bado huanguka? Ni kweli. Lakini aliyetimiza wajibu wake anaweza kuitaja qadar bila kuinamisha uso.

Basi leo usiku, kabla hujalala, muulize mzazi wako mwenye kisukari kuhusu miguu yake na macho yake. Kisha nenda ukaitazame njia anayopita gizani. Mimi taa nimeitia, ila Mama sasa anatembea kwa fimbo.

Wallahu aalam.