Mwili wa Mtoto ni Amana

Dini iliyo hai haimwachi mwanadamu mlangoni mwa msikiti, bali humfuata hata kwenye sinia ya chakula. Katika Sura Al-Aaraf, Mwenyezi Mungu anawaita wanadamu wote, wala si Waislamu peke yao. Anawaagiza wajipambe waendapo kusali, na katika aya iyo hiyo anawaruhusu kula na kunywa, kisha anawakataza kupita kiasi. Ibada na mlo vimetajwa mahali pamoja, ili tufahamu ya kwamba mwili unaosimama mbele ya Mola ndio huo huo unaolishwa nyumbani.

Yafaa tuyatazame mafundisho hayo kwa ajili ya watoto wetu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 1990 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupita kiasi walikuwa kama milioni 31 ulimwenguni. Mwaka 2022 walifikia milioni 160. Unene huo humkaribisha mtoto kwenye kisukari na shinikizo la damu, na wengi wanaokuwa nao katika ujana huendelea nao hata ukubwani. Basi wale wanaosema kwamba mtoto mnono ni dalili ya neema, na wafikiri tena.

Ni nini huuleta unene huo? Sababu ni nyingi.

Kwanza ni urithi. Mwaka 1986 ulitangazwa uchunguzi wa watu wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Ilionekana kwamba unene au wembamba wao ulifuata wazazi waliowazaa, si waliowalea. Kwa hiyo watoto wawili waweza kula chungu kimoja, mmoja akanenepa na mwenzake asinenepe. Lakini damu ya wanadamu haikubadilika kati ya 1990 na 2022. Kilichobadilika ni maisha yao.

Pili ni tumbo la mama na maziwa yake. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, Waholanzi walipatwa na njaa kali ya vita. Vijana wa kiume ambao mama zao walishikwa na njaa hiyo katika nusu ya kwanza ya mimba, walipopimwa wakiwa na miaka 19, walionekana kuwa na wanene wengi kuliko wenzao. Tazama jinsi dhiki ya mama inavyoweza kuacha alama katika mwili wa mwana! Kadhalika, mtoto anyonyeshwaye hupata kinga fulani juu ya unene, na Kurani Tukufu katika Sura Al-Baqara imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha.

Tatu ni chakula chenyewe. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ipatayo gramu 30, yaani kama vijiko saba vya chai. Nani angempa mwanawe vijiko saba vya sukari mkononi? Hapa mtu ataniuliza: “Je, soda si halali?” Naam, ni halali. Lakini Mwenyezi Mungu hakusema halali peke yake. Ametuamuru tule kilicho halali na kilicho kizuri. Kitu chaweza kuwa halali kwa wote, na kisiwe kizuri kwa mtoto huyu, kila siku, kwa kiasi hiki.

Nne ni kukaa kitako. Wataalamu wanashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumie mwili wake kwa nguvu walau dakika 60 kila siku. Lakini watoto wengi wa mijini hupelekwa shule kwa gari, na jioni hukaa mbele ya televisheni au simu.

Tano ni usingizi haba. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na akizikosa njaa yake huongezeka. Mtume Mtukufu s.a.w. hakupenda mazungumzo baada ya sala ya Isha. Nyumba ifuatayo mwendo huo haitakesha na picha.

Ndugu msomaji, ukiziangalia sababu hizi utaona kwamba hakuna hata moja ambayo mtoto aliichagua. Hakuchagua wazazi, wala hakwenda sokoni. Basi kumcheka na kumwita majina ni dhulma, na Kurani imekataza waziwazi watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Dhihaka haipunguzi unene. Humfanya mtoto ajifiche, ale kwa siri na aogope kucheza na wenzake.

Je, afundishweje? Imepokewa kwamba mtoto Umar bin Abi Salama alikuwa akila pamoja na Mtume s.a.w., na mkono wake ukitangatanga katika sahani. Mtume s.a.w. hakumfukuza wala hakumwaibisha. Alimfundisha alitaje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Zingatia kwamba mwalimu na mwanafunzi walikuwa kwenye sahani moja. Baba anayejaza tumbo lake hawezi kumhubiria mwanawe kiasi. Mtume s.a.w. ameelekeza theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Na sheria hiyo huanza na mkubwa wa nyumba.

Samaki mkunje angali mbichi. Maji na yachukue mahali pa soda, matunda mahali pa peremende, na mchezo mahali pa kukaa. Na mtoto aliyekwisha kunenepa apelekwe kwa mganga, asiachwe na njaa. Kila mzazi ni mchunga, naye ataulizwa juu ya kundi lake. Siku hiyo hatutaulizwa kama tuliwashibisha tu, bali kama tuliitunza amana.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuwalea watoto wetu katika siha na uchaji. Amin.