Marejeo ni Ngamani

Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii hutolewa kumkumbusha msafiri kwamba kwao kungaliko. Lakini mabaharia wajua kwamba ngamani ndiko maji yavujayo yajikusanyako, na ashukaye humo hukuta kazi ya kuyateka na kuyamwaga. Basi arejeapo mtu kutoka Arabuni, ni nani wa kuyateka maji hayo?

Zamani safari ilipimwa kwa pepo. Kaskazi ilivileta vyombo kutoka Arabuni, kusi ikavirudisha, na msimu wa marejeo ulijulikana. Leo yapimwa kwa mkataba, aghalabu wa miaka 2, na mtumishi wa nyumbani hufungwa kwa kafili wake. Nchini Oman, hadi mwisho wa mwaka 2020, mfanyakazi wa kigeni alihitaji ridhaa ya mwajiri wake ili ahamie kwa mwingine. Aliyeishi hivyo hurudi na tabia zilizomhifadhi huko: kunyamaza, kuomba ruhusa, kuamka kabla ya watu.

Akifika, hutazamwa sanduku kabla ya uso. Mtoto aliyemwacha amwita bibi yake mama. Wako wasemao: fedha si malezi, hana haki ya kudai pendo. Kauli hii ni nusu ya kweli. Pendo halidaiwi kwa stakabadhi. Lakini bibi aliweza kulea kwa kuwa yuko aliyelipia unga na ada ya skuli. Malezi yale yalikuwa ya watu wawili. Kumweleza mtoto hayo ni wajibu wa waliobaki, kwani mama akiyasema mwenyewe yatakuwa masimbulizi.

Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, Waomani wengi waliokuwa ng'ambo walirejea Oman. Baadhi yao walikuwa wazaliwa wa Unguja na Pemba, Kiswahili chao kikiwa chepesi kuliko Kiarabu, nao wakaitwa Wazanzibari katika nchi ya mababu zao. Nasaba haikutosha kuwafanya wenyeji, ilibidi wapokewe.

Kwa hiyo arejeaye mikono mitupu ana haki ile ile ya arejeaye na mzigo. Tukimpimia heshima kwa sanduku, twamsukuma aondoke tena kabla jeraha halijapoa. Tumuulize hali kwanza, tukivumilie kimya chake, naye atupe muda wa kumjua upya. Maji ya ngama hayamalizwi na mkono mmoja.