Siku Ambazo Mtoto Hakuja

Mtoto aliugua wiki nzima, akabaki nyumbani. Mwisho wa mwezi mama yake anakata siku hizo kwenye ada ya mlezi. Mlezi huyo wa mtaani, anayemtunza mtoto, anadai ada kamili, maana kodi ya chumba na mshahara wa msaidizi havikupungua. Naona mlezi ana haki, ila alipaswa kulisema hilo siku ya kwanza.

Mama, mlezi huyo ndiye humbembeleza mwanao akilia. Kaeni leo, fungueni ujumbe wa M-Pesa, mhesabu pamoja, muandike makubaliano, hata kama ni kulipa kidogo kidogo. Mkishindwa, hapa Kenya ipo Mahakama ya Madai Madogo: husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, hutakiwa kisheria kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili.