Guni au Urithi?

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alitoa Kichomi, diwani iliyoacha vina na mizani. Mwandishi alifariki mwaka 2020. Zogo lililozuka halijatulia.

Wanamapokeo hushika sheria alizoziandika Kaluta Amri Abedi mwaka 1954. Mtungo uliozikiuka huuita guni. Hoja yao isidharauliwe. Shairi la pwani huimbwa, na sheria hizo ndizo zilizomwezesha malenga wa Lamu kujibizana na wa Tanga bila ya kuonana uso kwa uso. Avunjaye bahari ya shairi humnyima mwenziwe njia ya kumjibu. Hapo jambo si la sanaa tu, ni la haki baina ya watu.

Lakini Mulokozi na Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), waligeuza shitaka: vina si uti wa mgongo wa ushairi, na nyimbo nyingi za jadi za Kibantu hazikuvihitaji. Basi nani mwasi, na nani mrithi?

Ugomvi wa namna hii si wetu peke yetu. Mwaka 1848, jijini London, akina Rossetti, Millais na Holman Hunt walizikataa kanuni za chuo cha kifalme cha sanaa, wakadai kuurudia uchoraji uliomtangulia Raphael wa Italia. Waliasi kwa kurudi nyuma! Hata leo wapo wawaonao wanamapinduzi, na wapo wawaonao watu walioganda katika ukale.

Hapa Kamembe swali hilo hutufikia kwa mlango mwingine. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini wanafunzi wetu wengi wamelelewa kwa Kinyarwanda. Ibisigo, yale mashairi ya kuwasifu wafalme aliyoyachambua Padre Alexis Kagame, hayakujengwa juu ya vina vya mwisho. Uzito wake umo katika mafumbo. Kwa mtoto huyu kigeni ni kina, si kukosekana kwake. Akituletea shairi la Kiswahili lenye mafumbo mazito lisilo na kina hata kimoja, twaona si haki kulifuta kwa neno guni.

Wala si haki kumwacha asijue kujibu malenga. Kwa hiyo huanza na tarbia, mizani 16 kila mshororo, hadi sikio lizoee. Kisha humwachia achague. Wengine hubaki na vina kwa hiari yao. Wengine huandika kama walivyosikia kwa bibi zao.